Nilitoboa Kinu cha Mke Wangu ili Gramafoni Iimbe

Bwana Mhariri, nimekosa. Nasema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikianza kujitetea jua litatua. Nilikichukua kinu cha mke wangu, nikakitoboa kitako kwa keke na patasi, nikakifanya pembe ya gramafoni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikipiga mluzi.

Jina langu naomba lisiandikwe. Mji wetu wa Kilwa Kivinje ni mdogo, nikitaja hata kazi yangu mtanijua. Na nyinyi mlionijua tayari, nyamazeni basi! Mmeshacheka vya kutosha, wengine mpaka mkakaa chini njiani. Niliwaona.

Haya, sikilizeni.

Gramafoni yenyewe niliipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka aliyekuwa anahamia Lindi. Hakuitaka tena, kwa sababu mchwa walikuwa wameliingia sanduku lake wakala ubao wote wa chini. Chuma kilikuwa kizima, springi nzima, mkono wa sindano mzima. Nikasema moyoni, kumbe ni ubao tu! Ubao si kitu katika nchi hii yenye miti. Laiti ningalijua kwamba ubao ndio utakaoniaibisha!

Sanduku la kwanza nililitengeneza kwa mbao za mwembe, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu. Nikapigilia misumari, nikatia mashine ndani, nikazungusha mpini, nikaweka sindano juu ya santuri. Sauti ilitoka nene, ya mtu aliyejaza uji mdomoni. Mke wangu, Somoe, alikuwa nyuma ya mlango akipepeta mchele. Nikamwuliza anaonaje.

"Mwimbaji ana njaa," akasema. "Mwache amalize kula kwanza."

Huyo ndiye Somoe. Ni mtu wa Kikole, kwao ni wakulima, na maneno yake ni machache, lakini akikupa moja utakaa nalo siku nzima. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona anasema kweli.

Nikahamia kwenye mpingo. Jamani, mpingo! Msumeno wangu ulibaki kibogoyo. Sanduku lilipokamilika halikubebeka na mtu mmoja, na wale wawili waliolibeba walisema Bismillahi kila hatua. Sauti ikawa kali na kavu. Mwimbaji wa santuri ile ni mwanamke mwenye sauti laini ya kubembeleza, lakini ndani ya mpingo alisikika kama anagombania zamu ya kuteka maji kisimani.

"Sasa ameshiba," akasema Somoe. "Anatafuta ugomvi."

Nikajaribu mkoko, ile miti ya boriti. Kumbe ulikuwa bado una chumvi yake. Siku za mawingu sanduku lilitoka jasho, likanuka tope, na nzi wakaja kusikiliza kwa wingi kuliko watu. Somoe akatoa kichwa mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa kama amchemshie mwimbaji mchaichai, maana anasikia ana mafua.

Mninga ulikuwa mzuri. Naapa, ningetulia kwenye mninga leo hii ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Hata Somoe hakusema kitu siku ile, na kwa Somoe kunyamaza ni sifa. Lakini ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na mlango wangu, anakaa Fundi Bakari, mshona nguo. Na Fundi Bakari naye akanunua gramafoni.

Ya kwake ilikuwa mpya, yenye pembe ya shaba iliyong'aa mpaka unafumba macho. Watu waliozoea kukaa barazani kwangu jioni wakaanza kuvuka njia, mmoja mmoja. Walivuka kwa adabu, wakisema wanakwenda kupimwa kanzu. Lo! Mji mzima ukawa unapimwa kanzu! Wazee waliokuwa na kanzu moja tangu vita vya Mjerumani walipimwa upya, wakakaa pale mpaka magharibi.

Iliniuma, Bwana Mhariri. Wivu uliniuma mpaka chakula hakipiti. Nilikaa barazani peke yangu na sanduku langu la mninga, nikijifanya sitaki watu.

Ndipo akaja Mpili. Mpili ni mtani wangu. Kwao na kwetu tunataniana tangu enzi za babu zetu. Akifika kwangu huvua kofia yangu kichwani akaivaa yeye, nami sina ruhusa ya kununa. Yeye asili yake ni huko huko Kikole kwa wakwe zangu, ila anakaa mjini. Siku hiyo alikuja kunyolewa.

Basi, limenitoka! Ndiyo, mimi ni kinyozi. Haya, mmefurahi?

"Maiti wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mbona gramafoni yako inasinzia?"

Nikamweleza habari yote ya miti, mwembe mpaka mninga. Alisikiliza amefumba macho, povu limejaa kidevuni.

"Unakosea, mtani. Wewe unatafuta mti mpya. Mti mpya una haya, hauwezi kulia mbele za watu. Tafuta mti uliokwisha kupigwa. Unapigwa asubuhi, unapigwa jioni, mwaka nenda mwaka rudi, mti huo umezoea kulia. Ukiupa wimbo, utatoa roho yake yote."

"Mti gani unaopigwa hivyo?"

"Uko uani kwako. Una mdomo mpana na tumbo wazi. Ni mti wa mkongo mtupu! Utoboe kitako tu, uulaze barazani, uelekeze mdomo njiani ili Fundi Bakari apate fungu lake."

Mtaniuliza, hukujua kwamba mtani hutania? Nilijua! Lakini wembe wangu ulikuwa shingoni pake. Katika kazi yangu nimewasikia watu wakikaa kwenye kile kiti wakasema mambo ambayo hawajamwambia hata kadhi. Nilidhani mtu aliye chini ya wembe hathubutu kutania. Basi nikamwamini, nikamnyoa vizuri, nikamshukuru!

Sasa nikwambieni habari ya kinu chenyewe. Somoe alikuja nacho siku ya harusi. Mama yake ndiye aliyekitoa, kikaja kimebebwa kichwani na wanawake wakipiga vigelegele, na kabla sijakabidhiwa mke nilikabidhiwa kinu. Mama alisimama akanieleza habari zake mbele ya watu, maneno marefu. Mimi nilikuwa nautazama mlango alikofichwa biharusi, sikusikia hata neno moja. Niliitikia tu, "Ndiyo mama, ndiyo mama." Hilo nalo ni kosa, liandikeni.

Somoe wakati huo alikuwa Kikole, amekwenda kumsaidia mama yake kuvuna mpunga. Uani palikuwa kimya. Nilipotoka msikitini Ijumaa nikakipindua kinu, nikatia keke kitakoni, nikazungusha. Mkongo ni mgumu, lakini mtu mwenye wivu hachoki. Nilijiambia kwamba nitalipata tundu, nitalifaidi, kisha nitaliziba kwa kizibo cha mti na Somoe hatajua kitu. Mtu huyu wa kumdanganya Somoe kwa kizibo, ndiye mimi.

Nikakunja bati kuwa bomba. Upande mmoja nikautia kwenye tundu, upande wa pili nikauunga na mkono wa gramafoni, nikazungushia kitambaa ili sauti isivuje. Kesho yake alasiri nikakilaza kinu barazani, nikakikaza kwa mawe, mdomo njiani. Nikaweka ile santuri ya yule mwanamke.

Ya Rabi! Naungama kwamba hata sasa nikikumbuka natabasamu, Mungu anisamehe. Sauti ilitoka nzito na laini kwa pamoja. Kulikuwa na kigoma kidogo nyuma ya vinanda ambacho sikuwahi kujua kama kimo, nacho kikajitokeza. Mwimbaji alivuta pumzi, na pumzi yake nikaisikia! Nilikaa chini mwenyewe bila kupenda.

Watu waliokuwa wakipimwa kanzu walitoka. Wakavuka njia na pini zao nguoni. Baraza likajaa, wengine wakasimama chini. Mwisho akavuka Fundi Bakari mwenyewe, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Akainama, akachungulia ndani ya kinu, akainuka na kunishika mkono.

"Kinyozi," akasema, "umenimaliza."

Maneno hayo yalinilevya. Nikasimama nikipeana mikono na kila mtu, nikaiacha gramafoni ijiendee.

Lazima mjue kwamba santuri ile ina mkwaruzo. Siku moja kuku aliirukia, akaikwangua pale mwimbaji anapomsihi mpenzi wake arudi. Sindano ikifika hapo hukwama, na neno hilo moja hujirudia mpaka uisukume kwa kidole. Kila siku mimi hukaa karibu na kidole changu tayari. Siku ile vidole vyangu vyote vilikuwa mikononi mwa watu.

Nikainua macho, nikamwona mama mkwe wangu njiani.

Alikuwa na kikapu cha mpunga mpya kichwani. Nyuma yake alikuwa Somoe, na jogoo kwapani. Baadaye niliambiwa kwamba mama alikuwa amekusudia mpunga wa kwanza wa mavuno yale autwange mwenyewe nyumbani kwangu, katika kinu kile kile alichompa mwanawe, anipikie nile. Kwa heshima yangu! Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mkwe amesimama, mdomo wa kinu umemwelekea yeye, na gramafoni imekwama.

"Rudi," kinu kikasema. "Rudi. Rudi. Rudi. Rudi."

Kwa sauti nzuri ajabu, Bwana Mhariri! Safi kabisa! Hakuna ambaye angesema hakusikia.

"Shikamoo, mama!" nikapaza sauti juu ya kinu.

Hakuitikia. Alikitazama kinu, akakunja magoti kidogo bila kukitua kikapu chake, akaliona bomba la bati likitokea kitakoni. Akajinyoosha.

"Nimesikia," akasema, akageuka akaenda zake.

Somoe alibaki pale. "Bwana, hicho ni kinu changu?"

Hapo mtu mwenye akili angeruka kutoka barazani akaanguka miguuni pake. Mimi nilisema nini? Nilisema, "Ndicho, lakini sikiliza sauti!"

Akasikiliza. Kinu kikamwambia rudi. Akamhamishia jogoo kwapa la pili, akamfuata mama yake.

Watu wa barazani walicheka kwa kudhani ni mzaha wa nyumbani. Mimi nikacheka nao kidogo, kicheko kibaya. Aliyekuja kuninyamazisha ni Mpili, aliyepishana na wanawake wale njiani na kusalimia asijibiwe. Alipokiona kinu alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaenda moja kwa moja kwenye gramafoni, akainyanyua sindano.

"Umefanya nini, wewe?"

"Ulichoniambia!"

"Nilikutania! Wewe hujui kwamba kwa wakwe zako mwanamke hafukuzwi kwa maneno? Mume akimchoka mkewe hukilaza kinu chake nje, mdomo njiani. Mke akikikuta hivyo haingii hata kuchukua kanga. Anarudi kwao, basi, yamekwisha."

Nikachungulia kitako cha kinu. "Na tundu lina maana gani?"

"Tundu hatuna kwetu. Tundu umezidisha wewe."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mama yake alikuambia siku ya harusi mbele yetu sote, ukaitikia ndiyo mama! Nilijua unajua. Ndiyo maana ukawa utani!"

"Lakini ulikuwa chini ya wembe!"

"Hasa! Mtu aliye chini ya wembe wako afanye nini kama si kukufurahisha?"

Nikaanza kuyaondoa mawe yaliyokikaza kinu.

Mke wangu alikuwa ameondoka, ndugu zangu, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa gramafoni. Mambo ya kuchekesha yaliishia hapo kwa upande wangu, ingawa kwa upande wa mji ndiyo kwanza yalianza. Watoto wakipita walisimama mbele ya mlango wangu wakaita, "Rudi! Rudi! Rudi!" kisha wakakimbia. Mtu akija kunyolewa akakuta foleni, huniuliza kwa uso mkavu, "Kinyozi, nikae au nirudi?" Hata imamu, mtu wa watu, alipotaka kuniaga aliliepuka neno hilo, akasema, "Basi mimi... naelekea nyumbani." Afadhali angelisema tu.

Wale wa barazani nao hawakukaa. Nilikitia kinu ndani kwa aibu, nikaifunika gramafoni kwa shuka, na wao wakaenda kupimwa kanzu.

Lakini kilichonitesha hasa ni asubuhi. Miaka yote nimeamshwa na Somoe akitwanga uani. Nilikuwa nikilalamika! Nilikuwa nikijifunika mto, nikimwambia awahurumie waliolala. Sasa pakawa kimya. Nilikuwa naamka mwenyewe, nakaa kitandani nasubiri mchi uanguke, nao hauanguki. Siku moja nililia. Nasema wazi, mtu mzima mwenye ndevu, nililia kwa kukosa mlio wa mchi.

Nikamwendea Mpili. Nikamwambia yeye ndiye aliyenitia shimoni, yeye ndiye atakayenitoa. Hakubisha, maana mtani ndiyo kazi yake hiyo, akiharibu kwa mdomo hutengeneza kwa mdomo. Tukapanda lori la mizigo, tukashuka, tukatembea mpaka Kikole.

Mama mkwe alitupokea kwa mkeka na maji, kama desturi. Mimi nikaketi upande mmoja wa mlango, yeye upande wa pili, hatuonani, na Mpili katikati akipeleka maneno huku na huku, ingawa kila mtu alimsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mama nimekosa," nikasema. "Sikumfukuza mke wangu. Nilikuwa natafuta sauti."

"Mwulize mwenzio," mama akajibu, "hivi mwanangu alikuwa anatwanga nini kule, nyimbo?"

"Mwambie sikujua maana ya kulaza kinu."

"Mwulize, yule aliyeitikia ndiyo mama, ndiyo mama, alikuwa nani? Ana pacha?"

Nikasikia watu wanacheka uani. Mpili alikuwa anauma kanga ya mlangoni asicheke. Nikanyamaza, maana niliona nikiendelea kujibu nitapewa na talaka.

Ni Somoe aliyeleta maji ya pili. Alikaa karibu nami kidogo, kichwa chini.

"Bwana, ulikuwa unataka nini hasa?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia iliniuma watu kuhamia kwa Fundi Bakari, kwamba nilikuwa nakaa barazani na gramafoni yangu bila hata mtu mmoja wa kunisikiliza.

"Hata mmoja?" akaniuliza. "Na mimi niliyekuwa nyuma ya mlango? Nimesikiliza mwembe, nimesikiliza mpingo, nimekaa na mafua ya mkoko na nzi wake wote. Mninga ulipokuja niliacha kupepeta ili nisikie. Mimi sikuwa mtu?"

Bwana Mhariri, nilikuwa nimeshazoea kuchekwa. Hilo sikulizoea. Nilimtazama, nikanywa maji yote.

Mama akatoa hukumu yake kupitia kwa Mpili. Alisema mkwe wake anasifika sasa nchi nzima kwa kujua miti. Vyema! Basi achague mti, achonge kinu kipya kwa mikono yake, hapa hapa Kikole, mbele ya macho yake. Kisha autwange katika kinu hicho ule mpunga mama aliorudi nao kutoka Kivinje. Mama mwenyewe akiula wali huo na kuumeza, Somoe ataondoka nami. Asipoumeza, njia naijua.

Nikaingia msituni na mchonga vinu mmoja wa kijijini aliyenionyesha namna ya kushika tezo. Alinionyesha gogo la mkongo. Mimi nikalipita, nikaligonga la mninga kwa kidole, nikatega sikio, nikasema hili ndilo. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia linalia vizuri. Alinitazama, akaniacha nichonge.

Kinu kilipokuwa tayari kilikuwa kizuri, chekundu, na kikigongwa kilitoa mlio mtamu. Wanawake wa Kikole wakakusanyika kuona. Mama akampa mchi binti mmoja mwenye mikono minene. Akapiga mara chache tu, kinu kikapasuka kutoka mdomoni mpaka chini.

Kisha, kutoka nyuma ya mlango wake, mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka akatoka nje, akasahau kwamba mimi ni mkwe wake na hatakiwi kunitazama, akashika kiuno.

"Jamani, huyu bado anatafuta sauti!" akasema. "Mwanangu, huyu si mbaya. Huyu ni mgonjwa!"

Sikuwahi kufurahi hivyo kwa kuitwa mgonjwa. Nikarudi msituni kwenye lile gogo la mkongo bila kuligonga. Nikachonga. Kisha nikatwanga, mwanamume peke yangu katikati ya uwanja, wanawake wakinihesabia mapigo na kunisahihisha mabega, Mpili akipita kila mara kunivua kofia. Malengelenge yaliyonitoka viganjani yalidumu, na waliokuja kunyolewa mwezi ule wanazo alama masikioni. Wasinilaumu, walicheka.

Wali ulipopikwa mama aliumega, akautafuna polepole, sote tunamtazama koo.

"Mchele umevunjika wote," akasema. "Lakini umekoboka." Akameza.

Basi Somoe amerudi. Neno hilo sasa naweza kulisema. Gramafoni iko ndani ya sanduku la mninga, na jioni naiweka karibu na mlango, upande aliko yeye, na kidole changu hakibanduki kwenye mkwaruzo. Kinu cha zamani kiko uani, mdomo wake umeelekea ukutani kabisa, kuku analalia mayai ndani yake. Ni kuku yule yule aliyekwangua santuri. Sijui kama ana haki, lakini mimi si mtu wa kumhukumu mwingine.

Enyi wenye gramafoni, tangu Kivinje mpaka Lindi mpaka Mtama, nawausia. Chezeni na mbao za dukani, chezeni na miti ya porini, lakini msiguse kitu alichokuja nacho mwanamke siku ya harusi, hata kiwe na sauti ya peponi! Mkwe anapozungumza, sikilizeni. Msimwamini mtani hata akiwa chini ya wembe. Na kabla hamjahesabu nani amekaa barazani, chungulieni kwanza nyuma ya mlango.

Limebaki moja, nalo naungama kwa kuwa limenielemea. Tangu arudi, Somoe amekihamisha kinu kipya. Zamani alitwanga mwisho wa ua, siku hizi anatwanga chini ya dirisha langu, karibu kabisa na kichwa changu, alfajiri hata hakujapambazuka vizuri. Mimi kimya. Nimejifunza kushukuru.

Jana nikaona mbona kila siku tunatwanga, na mchele jikoni hauongezeki. Nikanyata mpaka dirishani, nikachungulia. Anautupa mchi, anaudaka, anautupa tena, kwa bidii zote, na ndani ya kinu hamna hata punje.

"Somoe," nikasema, "unatwanga nini?"

Hakusimama. Wala hakuinua macho.

"Sitwangi, Bwana," akasema. "Najaribu mti."